Mniachie Visu Vyangu

Ipo Jumamosi moja nisiyoisahau, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni hapa Maretadu. Nilirudi kutoka mnadani nimebeba visu vitatu vya mama mkwe wangu, vinameta kuliko siku vilipotoka dukani, nikajiona nimepatia kweli kweli. Kumbe nilikuwa nimeharibu. Ninakusimulia leo kwa sababu mmenichosha. Ndiyo, ninyi vijana, na huruma zenu.

Wiki iliyopita mwanangu wa kumzaa, Danieli, alikuja kutoka Babati na kidude cha plastiki chenye vigurudumu viwili ndani. Unapitisha kisu mara tatu, krii, krii, krii, kazi imekwisha. Akakiweka mezani, akanishika bega, akasema, "Mama, sasa upumzike." Mkewe Neema, ambaye ni mtu mwema sana na ndiyo maana ananikera, akachukua jiwe langu la kunolea akaenda kuegemeza nalo mlango wa banda la kuku. Jiwe langu! Nikasema asante, kwa sababu nililelewa. Lakini nilipoingia chumbani nilikaa kitandani nikauma meno kwa hasira, mtu mzima mimi, kwa ajili ya jiwe.

Basi kaa hapo unisikilize. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Mimi nilizaliwa Basotu, kando ya ziwa. Kule kwetu kisu kilikuwa cha kupasulia samaki, na kilinolewa popote, kwenye jiwe lolote, mtu akiwa amesimama. Nikaolewa na Bura huku juu, kwa watu wa mahindi na maharage, ambako asubuhi baridi inakuuma hadi kwenye meno. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Bura, na mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bura.

Siku ya kuagwa, shangazi yangu alinivuta pembeni akaniambia neno moja: "Mama mkwe wako asikutangulie kushika kazi." Hakuniambia lingine, na mimi nikalishika hilo kwa mikono miwili. Nilikuwa na kichwa kigumu, mwanangu, na mwenye kichwa kigumu akipewa agizo moja tu ni hatari. Mama Bura akinyanyua ndoo, nimeshaipokea. Akisogea jikoni, nimeshawasha moto. Akitazama upande wa zizi, nimeshakamua. Nilizoa samadi, nilipukuchua mahindi, nilifagia hadi mahali pasipokanyagwa na mtu. Nilikuwa sijapata mtoto, na kwa hiyo sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha watu.

Majirani wakanisifu. Wanawake wa kanisani walimwambia Mama Bura amepata binti, siyo mke wa mwanawe tu. Yeye alikuwa anatabasamu na kuitikia. Mimi sifa zikanipanda kichwani kama pombe, nikazidi kutafuta kazi ya kumpokea.

Ikabaki moja tu.

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Mama Bura alitoa kigoda chake, jiwe la kunolea, na bakuli la maji, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa magharibi, mahali ambapo jua linafika na upepo haufiki. Alikuwa na visu vitatu. Kimoja kikubwa cha nyama, ubapa wake umeliwa na jiwe kwa miaka mingi hadi umekuwa mwembamba. Kimoja cha mboga. Na kimoja kidogo cha kumenyea, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Alimwaga maji kidogo juu ya jiwe, akalaza kisu, akaanza. Shwaa. Kimya. Shwaa. Kimya. Visu vitatu, na alivinoa mchana mzima hadi mbuzi wanarudi.

Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu, uso unaniwaka kwa aibu. Watu watasema nini? Mama mzima ananoa visu juani na mkwe yupo, ana mikono miwili! Nilimwomba anipe mimi. Akasema, "Acha tu, mwanangu." Nikamwomba Jumamosi iliyofuata. "Acha tu." Sasa wewe unajua jinsi wazee wetu walivyo. Wakisema acha tu, nusu ya nyakati ni adabu, na ukiacha kweli wanakusema hadi mwezi uishe. Nikaamua kwamba hii nayo ni adabu.

Ndipo siku ya mnada nikavichukua vyote vitatu bila kumwambia. Mnadani alikuwapo fundi mmoja wa kunoa kwa baiskeli. Alisimamisha baiskeli yake kwenye stendi, akapanda, akawa anakanyaga pedali bila kwenda popote, na jiwe la duara mbele yake likawa linazunguka. Cheche ziliruka hadi watu wakasimama kutazama. Sikuwahi kuona visu vinapendeza vile. Nikarudi nyumbani karibu nikimbie.

Mama Bura alikipokea kile kikubwa, akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye makali kulikuwa na rangi ya bluu, na ubapa ulikuwa umepungua upana wa kidole. Akapitisha kidole gumba taratibu. Akasema, "Asante, mwanangu. Umefanya haraka." Na mimi, mjinga wa kupindukia, nilidhani ninasifiwa.

Mchana ule alitoka na kigoda chake kama kawaida. Jiwe hakulichukua, la nini? Akakaa pale ukutani, mikono mitupu mapajani. Hazikupita dakika kumi, jirani akamwona akamwita amsaidie kuchambua maharage. Aliporudi, Bura akamuuliza kama ameona kamba ya ndama. Alipokaa tena, akatumiwa ujumbe kutoka kanisani kwamba wanawake wanapamba kanisa na anahitajika mtu mzima wa kuwaongoza. Akainuka. Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Ya tatu hakutoa hata kigoda. Jumatatu yake alifunga nguo zake kwenye khanga, akasema anakwenda Masieda kumsalimia Martina, binti yake aliyeolewa huko.

Nikamfungia na mahindi mabichi ya njiani. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Wiki ikapita. Wiki tatu zikapita. Mwezi ukaisha, Mama Bura hajarudi. Hapo ndipo nikajua sifa za majirani zina mlango wa mbele na wa nyuma. Wale wale walionisifu wakaanza kunisalimia kwa kuvuta maneno: "Mama hajambo huko alikohamia?" Kisimani nikifika, mazungumzo yanakatika. Mwanangu, katika milima hii mama akitoka kwenye nyumba ya mwanawe wa kwanza akaenda kuishi kwa binti yake, hakuna anayeuliza kulitokea nini. Wanajua tayari. Mkwe amemfukuza. Nikaanza kusikia kwamba wazee wa ukoo wanataka kutuita tukae kikao. Ningesema nini mbele yao? Kwamba nilimpokea ndoo?

Bura akaenda kumfuata. Akarudi peke yake, amekunja uso.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Anasema hajambo. Anasema huko anapumzika."

Nilipandwa na hasira. Anapumzika! Kwa Martina, mwenye watoto sita na ng'ombe wanne na mume asiyejua hata kufunga mlango! Mimi nimembebea mwanamke yule kila kitu, nimemfanya malkia, halafu anakwenda kupumzika kwenye vurugu! Bura akavuta sahani. Akala ugali wake kimya, na kesho yake pia kimya, na mimi nikaanza kuogopa. Ndoa yetu haikuwa na hata miaka miwili. Niliona inavyoweza kuisha bila mtu kuinua sauti.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hakuna aliyenifundisha, boga ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa nakata boga la chakula cha mchana kwa kile kisu kikubwa. Kikateleza kwenye ganda, kikapita karibu na kidole changu, kikagonga ubao. Nikajaribu cha mboga. Butu. Cha kumenyea, butu. Hata miezi miwili haijatimia tangu mnadani! Baadaye nilikuja kuelewa: lile jiwe la kuzunguka kwa kasi huchoma chuma, ndiyo ile bluu. Kisu kinaonekana kikali siku mbili, halafu makali yanakufa yote. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba kila kitu katika nyumba ile kimekataa kunitii. Nikachukua jiwe la Mama Bura, kigoda, bakuli la maji, nikaenda ukutani kwake nikakaa kwa kishindo.

Nilianza kwa hasira, na jiwe likanijibu kwa hasira, krrr, krrr, meno yakanikereka. Nikapunguza. Nikakilaza zaidi. Ukikilaza kabisa hakinoleki, na ukikisimamisha unakiua. Mgongo wa kisu unyanyuke kiasi cha kupitisha punje ya hindi chini yake. Halafu unasukuma kama unayetaka kubandua ngozi nyembamba juu ya jiwe. Nikakosea mara nyingi, na ghafla nikaisikia. Shwaa. Ile ile. Kimya. Shwaa. Maji yakageuka ya kijivu, yakatoa ile harufu ya chuma kilicholowa. Nikageuza upande wa pili. Ukifika mahali pazuri, ukipitisha kidole kwa upole upande wa nyuma unasikia kama uzi mwembamba umejikunja kwenye makali. Unageuza, unaulaza ule uzi, unageuza tena, unapunguza nguvu, unapunguza tena, hadi unakuwa kama unakipapasa tu.

Mabega yangu yalishuka, na mimi sikujua kwamba yalikuwa yamepanda. Tangu harusi yalikuwa huko juu, karibu na masikio. Sikuwa nafikiria kisima, wala kikao cha wazee, wala tumbo langu lisilobeba mtoto. Nilikuwa nasikiliza kisu. Mwanangu, nilikuwa na raha. Nasema wazi, nilikuwa na raha kuliko siku yoyote tangu nilipotoka Basotu, na mbele yangu kulikuwa na jiwe na maji machafu tu.

Halafu nikagundua jambo lingine. Hakuna aliyeniita.

Bura alichungulia kwenye kona ya nyumba, akafungua mdomo, akaona kisu mkononi mwangu, akaufunga. "Nitakuja baadaye," akasema. Jirani alikuja kuazima ungo. "Aa, naona umeshika kazi," akasema kutoka mbali, "nitarudi." Akaondoka! Mwanamke ambaye hajawahi kurudi nyumbani kwake bila ungo wangu au chumvi yangu! Mtu aliyeshika kisu chenye maji hatumwi, mwanangu. Hapakatishwi mtoto. Haitwi kwa ghafla asije akajikata. Na wala hasemwi kwamba amekaa bure, kwa sababu kila anayepita anaona anafanya kazi.

Katika nyumba zetu, mwanamke akikaa mikono mitupu anaulizwa kama anaumwa. Asipoumwa anatafutiwa kazi. Miaka ile yote, Mama Bura alikuwa amejipatia mahali pamoja pa kukaa, mchana mmoja katika wiki, na alikuwa amepaficha mbele ya macho ya watu wote. Mimi nikapachukua nikapapeleka mnadani.

Nikasimama haraka kama mtu aliyekutwa anakula chakula cha mwenzake. Nilikuwa nimenoa kile kidogo tu. Viwili vilivyobaki nikaviacha vilivyo.

Bura nilimwambia ninakwenda Masieda. Alinipa shuka lake la baridi tu. Kesho yake alfajiri nikatoka nimebeba jiwe kichwani na visu vitatu ndani ya gunia, nikapata lori la mahindi. Gunia lilikuwa bovu, na ncha ya kisu kikubwa ikajitokeza. Pembeni yangu alikaa mwalimu mmoja aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine, kijana mwenye adabu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Akatazama ile ncha kwa muda.

"Samahani, dada. Hivyo ni visu?"

"Ndiyo."

"Unapeleka kuuza?"

"Nampelekea mama mkwe wangu. Tumekosana."

Maskini, alihamia upande wa pili wa lori, akasimama njia nzima ameshika chuma. Hadi leo nikimkumbuka nacheka, ila siku ile sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nalia ndani ya shuka.

Kwa Martina wifi yangu mambo hayakuwa bora. Alinitazama, akalitazama gunia, akasimama mlangoni kwa mwili wake wote. "Visu vya nini, wifi?" Watoto wakajipanga nyuma yake. Kabla sijajibu, Mama Bura akatokea nyuma ya nyumba, anafuta mikono kwenye khanga. Mikono ilikuwa na maji ya kijivu. Nikaelewa kilikuwa kinafanyika nini huko nyuma, na kwa nini alisema anapumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Visu, mama. Havikati. Nimekuletea kazi."

Martina akashika kichwa. Mkwe gani anasafiri kutoka Maretadu kumletea mzee kazi? Lakini Mama Bura alinyoosha mkono, akachukua kile kikubwa, akapitisha kidole gumba. Akakunja uso. "Hiki hata uji hakikati," akasema. Akanipokea jiwe, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata kwa sababu hakuniambia nisimfuate.

Alinoa kisu kile mchana wote. Ile sehemu iliyoungua ilibidi aisugue yote iishe hadi akutane na chuma kizima, na hiyo si kazi ya saa moja. Nilikaa chini karibu naye, nimefunga mdomo. Sikumwomba anipokeze. Ilikuwa vigumu kuliko kubeba ndoo kumi, nakuambia, mikono ilikuwa inaniwasha. Jua lilipoanza kulala, ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Ulipochukua ndoo, nilifurahi. Mgongo wangu unauma. Ulipochukua kuni, nilikuombea. Ulipochukua jiko nilinyamaza, ingawa ugali wako una mabonge. Lakini hiki! Nilikuambia acha tu. Mara mbili. Mwanangu, wewe huna masikio?"

"Nilidhani ni kazi, mama."

"Ni kazi kwa wanaotazama. Waache waone kazi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini hakuweza kuona mtu amekaa. Nilizaa watoto watano, nikawalea, na katika siku hizo zote nilikaa penye jiwe hili tu. Halafu unakuja wewe na heshima zako unaninyang'anya. Heshima! Umenichosha na heshima yako!"

Nililia, na sikulia kwa utaratibu. Akaniacha nilie. Alipoona nimezidi akasema ninyamaze, nitaogofya ng'ombe.

Hakurudi nami kesho yake. Alisema Martina ana visu vinne na vyote vinatia aibu, hawezi kuondoka akaviacha hivyo. Nikarudi peke yangu, nikajibu salamu za kisimani nimeinua kichwa, na baada ya siku nane Mama Bura akashuka kutoka kwenye lori akiwa na jiwe lake. Kikao cha wazee hakikuitishwa. Bura alianza tena kuongea wakati wa kula, hadi nikatamani anyamaze kidogo.

Jioni ile ile aliyorudi, mama aliniita ukutani. Akaniambia, "Kuanzia sasa mapanga na majembe ni yako. Unoe Jumatano."

Nikamwambia tunoe pamoja Jumamosi, nitakaa naye.

"Una wazimu? Tukikaa wote wawili siku moja watatushtukia. Wewe chukua Jumatano. Mtu akikuita, nitamwambia umeshika panga."

Na alimwambia kweli. Miaka mingi, hata baada ya watoto kuja na nyumba kujaa kelele, kila Jumatano mchana nilisikia sauti yake upande wa mbele, anafukuza watu: "Mwacheni, ameshika panga!" Nilikuwa nalaza panga langu juu ya jiwe, nasikia raha ile ile inapanda taratibu kutoka mikononi. Mama yangu mzazi alinipa mengi, lakini mchana wa Jumatano nilipewa na mama mkwe.

Mwisho akazeeka. Mikono ikaanza kutetemeka, macho yakaingia ukungu. Jumamosi nilimtolea kigoda mimi, nikamwekea jiwe, maji, na visu vyake mapajani. Alikuwa anasugua kidogo, anakosea, anaegemea ukuta. Kusema kweli alikuwa anavifanya viwe butu zaidi. Ikifika jioni ananikabidhi, ananiambia, "Chukua, vinakata sasa," na mimi napitisha kidole gumba nasema vinakata sana, mama. Jumatano, pamoja na mapanga, nilikuwa navinoa upya kwa siri. Nilifanya hivyo hadi Jumamosi yake ya mwisho, na hakujua. Au alijua. Yeye hakuwa mtu wa kusema kila anachokijua.

Haya. Sasa unaelewa kwa nini lile jiwe limetoka kwenye banda la kuku, na kwa nini kidude cha plastiki kimerudi kwenye boksi lake. Danieli amenuna. Anune. Atakuja kunielewa akifika umri wangu, na mkwe wake akimpokonya kijembe chake cha kupalilia vitunguu, ambacho anadhani sijui anakwenda nacho bustanini kufanya nini.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike yote, siyo nusu kama mimi nilivyoshika ya shangazi. Kabla hujapokea kazi mkononi mwa mzee, simama kwanza umtazame anavyoifanya. Ukiona anaharakisha amalize, mpokee, tena mpokee mbio. Ukiona anaichelewesha makusudi, anaigeuza geuza kama asiyetaka iishe, ondoka hapo taratibu, na mwenye kelele mpeleke mbali. Usimuulize maswali, usimletee mashine. Akikuambia acha tu mara mbili, acha. Na wewe mwenyewe, unayekimbia tangu alfajiri hadi unalala na simu usoni, tafuta kitu kimoja cha kufanya kwa mikono yako, polepole, kiwe kisu, kiwe panga, hata mkasi. Ukikikosa ujanani hutakipata uzeeni, utabaki unakaa kwenye kochi unaulizwa kama umekunywa dawa.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyumba yenye watu wanaokupenda, na akulinde kidogo na upendo wao. Akuzeeshe vizuri, mgongo usiume sana, macho yasififie mapema. Na siku mikono yako itakapoanza kutetemeka, akupe mkwe atakayekaa karibu nawe afunge mdomo, akwambie vinakata.